Bibi ana miaka 84 na Idi tutakuwa watu 23: twende studio au simu yatosha?

Swali: «Bibi yetu ana miaka 84. Idi ijayo tutakutana kwake Kibokoni, Mombasa, watoto, wajukuu na vitukuu, jumla watu 23, wengine wakitoka Muscat na Nairobi. Mama anataka twende studio tukapige picha ya ukoo kama ile waliyopiga mwaka 1974, ambayo bado iko ukutani sebuleni. Kaka yangu anasema huo ni upotevu wa pesa kwa sababu simu yake ina megapikseli 108. Lakini Idi iliyopita tulipiga kwa simu na haikutoka vizuri. Waliosimama pembeni wametoka wanene, nyuso zimekuwa giza, kanzu zinawaka, na mimi niliyeshika simu nina pua ambayo si yangu. Studio nazo naziogopa: dada yangu alipigwa picha za harusi akarudishiwa akiwa mweupe kama mtu mwingine. Na bibi hataki picha zake zionekane kwa watu. Tufanye nini?»

Jibu:

Kwanza mfikishie bibi shikamoo yangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Unachoogopa ni kutoa pesa, kuwakusanya watu 23 ambao huenda wasikutane tena wote, kisha mkapata picha ambayo bibi aliyemo hafanani na bibi mnayemjua. Hofu hiyo ina msingi. Nimeiona ikitimia kwa simu, na nimeiona ikitimia kwa wapiga picha wenzangu wenye kamera za bei kubwa.

Nikwambie ninachopendekeza kabla ya sababu zake. Mwiteni mpiga picha, ikiwezekana mwanamke, aje Kibokoni asubuhi ya Idi kwa saa moja tu. Apige picha ya ukoo mzima, kisha ya bibi peke yake, basi. Akishaondoka toeni simu mpige siku nzima mnavyotaka. Studio mngeweza kwenda, na mama hakosei kuitamani, lakini kumpandisha na kumshusha garini mzee wa miaka 84 siku ya Idi, pamoja na vitukuu wenye nguo mpya na njaa, ni uchovu utakaoonekana kwenye kila uso.

Sasa tuje kwa kaka yako na megapikseli zake 108, maana hapo ndipo wengi hupotea. Megapikseli ni hesabu ya vidoa vinavyounda picha. Haisemi kila kidoa kimepokea mwanga kiasi gani. Kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga, yaani sensa, kwenye kamera ninayofanyia kazi kina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24. Cha simu, hata simu ghali, hakifiki nusu ya upana huo. Ukivibana vidoa milioni 108 humo, kila kimoja kinakuwa kama kopo la kukingia mvua lenye mdomo wa tundu la sindano. Ndiyo maana simu hizo kwa kawaida huunganisha vidoa tisa vikawa kimoja na kukupa picha ya megapikseli 12.

Na megapikseli 12 si haba. Ni vidoa kama 4000 kwa 3000. Ukisafisha picha, yaani ukiitoa kwenye karatasi, kwa kiwango kizuri, vidoa 300 kwa kila inchi, unapata picha ya inchi 13 kwa 10, inayotosha kabisa kutundikwa. Kwa hiyo kaka yako ana haki kusema simu inaweza, ila sababu aliyoitoa siyo. Nje, penye mwanga mzuri, simu yake na kamera yangu zikisimama pamoja, watu wengi hawatazitofautisha picha zikiwa na ukubwa wa daftari. Ndani ya sebule yenye taa moja, au mkitaka kuikuza picha ijaze ukuta, hapo tofauti huja mbio.

Kilichoharibu picha yenu ya Idi iliyopita kilikuwa umbali na mwanga. Nianze na pua yako.

Chukua rula. Kutoka ncha ya pua hadi sikio ni kama sentimita 10. Ukiishika simu sentimita 30 kutoka usoni, pua iko kwenye 30 na sikio liko kwenye 40, kwa hiyo pua hutoka kubwa kwa theluthi moja ukiilinganisha na sikio. Simu ikisogezwa hadi mita 2, pua iko kwenye 200 na sikio kwenye 210. Tofauti imeshuka hadi asilimia 5, na jicho haliihisi. Mwaka 2018 madaktari wa Marekani walichapisha hesabu ya aina hii kwenye jarida la upasuaji wa uso, baada ya watu kuwajia wakitaka pua zao zipunguzwe kwa sababu ya selfi. Walikuta kwamba pua ikipigwa kutoka sentimita 30 huonekana kubwa kwa takriban asilimia 30 kuliko ikipigwa kutoka mita moja na nusu. Fikiria mtu akilala kwenye kitanda cha upasuaji kwa kosa la urefu wa mkono wake.

Wa pembeni wana mkasa mwingine. Lenzi ya kawaida ya simu ni pana, inameza chumba kizima, na ili mistari ya kuta ibaki imenyooka inalazimika kuvivuta vitu vilivyo kandokando. Kwa lenzi ya upana huo, kichwa kilicho ukingoni kabisa huvutika kwa karibu moja ya tano. Shangazi aliyesimama mwisho wa safu hakunenepa, amenyooshwa kama chapati. Lenzi ile ya simu iliyoandikwa 0.5, iliyo pana kuliko zote, ndiyo mbaya zaidi, na ndiyo watu hukimbilia wanapoona kundi halienei. Dawa ni kurudi nyuma na kutumia 2x, yaani kukuza mara mbili. Mvutano wa pembeni hushuka hadi karibu asilimia 6.

Najua utaniuliza, nirudi nyuma niende wapi, Kibokoni? Watu 23 mkiwapanga safu tatu, watoto mkekani, wazee vitini, wengine wima nyuma yao, upana wake ni kama mita 4. Kwa 2x mpigaji anahitaji mita 6 hivi za kurudi nyuma, na vichochoro vya Mji wa Kale havina nafasi hiyo. Kama nyumba ina ua na roshani ya ndani, au dirisha la ghorofani linaloangalia ua, mpigaji apande juu na watu wamtazame kutoka chini. Hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote kwa nyumba za huko. Nyuso zikiinuka kidogo zinapokea mwanga wa anga moja kwa moja, mashimo ya macho yanajaa, na walio nyuma hawafunikwi na walio mbele. Kama hakuna ua, tembeeni mtafute pahali pa wazi penye kivuli, na bibi apelekewe kiti chake mwenyewe alichokizoea. Pembeni wasimame warefu wembamba, mabega wameyageuza kidogo kuelekea katikati.

Mwanga nitauzungumza kwa urefu kwa sababu ndio uliowaangusha.

Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta. Mwezi Machi, na tena mwanzoni mwa Oktoba, jua la adhuhuri hupita utosini kabisa, na miezi mingine haliendi mbali sana. Jua likiwa juu hivyo, nyusi huwa kama ukingo wa paa: macho yanabaki gizani, pua inatupa kivuli mdomoni, na ngozi ya paji la uso inang'aa peke yake. Hakuna simu wala kamera inayoliponya hilo vizuri. Ninyi nadhani mlipiga baada ya chakula, kama saa nane, jua likiwa bado juu sana.

Kisha ongeza mavazi ya Idi. Kanzu nyeupe hurudisha karibu mwanga wote unaoiangukia, na buibui hurudisha kidogo mno. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera hakijui hii ni kanzu na huyu ni bibi. Kimefundishwa kuchukulia kwamba ukichanganya kila kitu kilichoko mbele yake utapata rangi ya kijivu ya wastani, ambayo kwa desturi ya kazi hii huhesabiwa kuwa ni kitu kinachorudisha asilimia 18 ya mwanga. Wanaume saba wenye kanzu wakisimama katikati, kamera inaona weupe umezidi, inapunguza mwanga, na nyuso zinazama. Simu za siku hizi hujaribu kuzitafuta nyuso na kujirekebisha, lakini juani kabisa pengo kati ya kanzu na ngozi ni kubwa kuliko uwezo wake, kwa hiyo inaachia kanzu ziwake na nyuso bado zibaki nusu giza. Ndicho ulichokiona.

Kivulini pengo hilo hupungua sana. Ila kivuli nacho kina aina zake. Chini ya mwembe watu hudhani pamefaa, kumbe majani hutupa ukijani kwenye ngozi, na vitundu vya jua hutia mabaka usoni. Kinachofaa ni kivuli cha jengo, huku mbele yenu pakiwa wazi na anga likionekana. Ukuta mweupe wa chokaa upande wa pili wa uchochoro, ukipigwa na jua, huwa taa bora kuliko nyingi nilizowahi kununua: mwanga wake ni mpana, laini, na unawafikia usoni badala ya utosini. Ukuta wa kijani au wa bluu msikae mbele yake, utawapaka rangi yake.

Na saa? Mkitoka sala ya Idi, saa mbili hadi saa tatu u nusu asubuhi. Jua bado liko chini, kanzu hazijaona mchuzi, watoto hawajachoka, na bibi bado ana nguvu za asubuhi. Mkikosa hapo, subirini saa kumi na moja jioni. Mkipiga kwa simu, gusa uso wa bibi kwenye kioo cha simu, kisha buruta alama ya jua juu au chini mpaka ngozi yake ionekane kama unavyoijua. Na kabla ya lolote futa lenzi kwa leso safi ya pamba. Nusu ya picha «zenye ukungu» ninazoletewa ni mafuta ya vidole.

Jambo moja dogo la watu wengi: macho yaliyofumba. Wataalamu wawili wa Australia waliwahi kupiga hesabu, wakapewa kwayo tuzo ya Ig Nobel mwaka 2006: kwa kundi lisilofika watu 20, gawanya idadi yao kwa tatu ukiwa kwenye mwanga mzuri, na jibu ndiyo idadi ya picha za kupiga ili upate angalau moja ambayo hakuna aliyefumba. Ninyi ni 23 na kuna vitukuu. Mimi ningepiga 20 mfululizo. Na apatikane mtu mmoja wa kutoa amri, anayejulikana na kuogopwa kidogo, labda mjomba. Hapo ndipo pesa ya mpiga picha inapofanya kazi kuliko kwenye kamera yake: anakuja amekwisha kujua nani aketi wapi, anaona mtandio umekwenda upande, anaona kidole cha mtoto puani, na wote mnamsikiliza kwa sababu si ndugu yenu. Pia wewe mwenyewe utakuwa ndani ya picha, mahali pako, karibu na bibi.

Tuje kwenye weupe wa dada yako, jambo linaloniuma.

Rangi za picha hazikupimwa kwa ajili yetu tangu mwanzo. Kwa miongo mingi maabara za filamu zilirekebisha mitambo kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, kadi zilizoitwa Shirley. Ni miaka ya 1990 ndipo Kodak ilipotoa kadi yenye wanawake wa rangi tofauti. Mafundi wa Afrika walijifunza kulipita pengo hilo kwa mikono yao. Angalia kazi za studio ya Parekh hapa Mombasa, iliyoanza miaka ya 1940: Waswahili, Wahindi, Waarabu, watu wa bara, kila mmoja ana ngozi yake na inang'aa kwa uzuri, kwa sababu yule bwana alijua pa kuiweka taa. Ngozi nyeusi hupendeza inapopigwa na mwanga mpana wa kando, ikapata mng'ao kwenye shavu na paji. Taa ndogo kali ya mbele huiua, na fundi asiyejua taa huona ngozi imekufa akadhani dawa ni kuipaka weupe kwenye kompyuta. Wengine hufanya hivyo kwa kuwa wateja wamewahi kuwaomba. Simu nazo zina mchezo huo huo: kwenye kamera ya selfi, hali ya urembo mara nyingi huwa imewashwa tangu dukani, inalainisha na kung'arisha bila kukuuliza. Izimeni.

Kwa hiyo kabla ya kutoa arubuni nenda ukamwone mpiga picha ana kwa ana. Usiridhike na alizoweka mtandaoni. Mwambie akuonyeshe picha zilizosafishwa kwenye karatasi, za wazee, za watu weusi kama ninyi, na moja yenye kanzu na mabuibui pamoja. Zitazame dirishani. Kama kwenye kanzu unaona mikunjo na mshono, na kwenye buibui unaona kitambaa na siyo shimo jeusi, huyo anajua kazi. Kisha andikeni, hata kwa ujumbe wa simu: rangi ya ngozi isiguswe, makunyanzi ya bibi yasifutwe. Akinuna, ondoka.

Hapo hapo uliza utapata picha ngapi, kwa ukubwa gani, baada ya siku ngapi, na kama mafaili makubwa utapewa au utauziwa tena baadaye. Ugomvi mwingi ninaousikia huzaliwa kwenye hilo la mwisho.

Na hilo la bibi kutotaka kuonekana ni haki yake, msilichukulie kama ukaidi wa uzee. Hapa Kenya, chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, picha ya mtu anayetambulika ni taarifa yake binafsi, na biashara haina ruhusa ya kuitumia kujitangaza bila ridhaa yake. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 nayo inasema kazi iliyoagizwa, hakimiliki yake huhesabiwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Hayo makubaliano mengine mara nyingi yamo kwenye karatasi unayopewa kutia saini haraka haraka, kwa hiyo isome yote, na kama kuna mstari unaompa ruhusa ya kutangaza, uufute mbele yake. Sehemu kubwa ya maisha yangu nimepiga picha kwenye sherehe za wanawake, kule ambako simu hukusanywa mlangoni. Najua kwamba mwanamke akiamini picha haitoki nje, uso wake hulegea ndani ya dakika tano. Kwa bibi yenu imani hiyo ndiyo taa ya kwanza.

Picha yake ya peke yake msiipige mbele ya pazia lenye maua. Mketisheni dakani, au ndani hatua moja kutoka mlangoni, mwili umeelekea kando kidogo na uso umegeukia nje kwenye mwanga. Miwani yake aivae kama huivaa kila siku. Ikirudisha mwako, iinamisheni kidogo kwa kuinua vipini vyake juu ya masikio. Kama macho yanamsumbua au ametoka kutibiwa, mwambieni mpiga picha mapema asitumie flashi. Mwanga wa mlangoni watosha. Ile hali ya simu inayotia ukungu nyuma ya mtu iacheni, hukata ukingo wa mtandio na kuula mkono wa miwani.

Nina picha mbili za marehemu mama yangu. Moja ni ya studio: ameketi, mtandio umepangwa, mkono juu ya mto, anaitazama kamera kama anayetoa ushahidi. Ya pili alipigwa na jirani kwa kamera ndogo ya filamu. Mama yuko juu ya mbuzi anakuna nazi, leso ameifunga kiunoni, bega moja limekatwa, na kichwa amekigeuza kwa kuwa kuna mtu alipiga hodi. Kifuu kiko kwenye viganja vyake viwili na machicha yamemganda kwenye kidole gumba. Mwanga mbaya, umakini haupo. Niliyoitundika ni ya kwanza. Wanangu, ambao hawakumkuta, wakitaka kujua bibi yao alikuwa mtu gani huniomba ile ya pili. Hakuna studio ingenipa machicha yale, na hakuna jirani angenipa yale macho yaliyotulia.

Ndiyo maana nikasema mpiga picha aondoke baada ya saa moja. Baada ya hapo ninyi wenyewe mfuateni bibi kwa simu bila kumwita atazame. Pigeni mikono yake akimimina kahawa, akihesabu pesa za Idi za watoto, akimfunga kitukuu kilemba. Msiondoe birika wala kawa kwenye picha. Hivyo ndivyo vitu ambavyo baada ya miaka 20 mtavitafuta.

Niseme sasa kinachoharibu picha nyingi za nyumbani hata zikipigwa vizuri. Aliwahi kunijia kijana siku tatu baada ya mazishi, akitaka picha kubwa ya mama yake. Alikuwa na moja tu, imekatwa kutoka picha ya harusi iliyopita kwenye makundi manne ya WhatsApp. Uso wa yule mama ulikuwa na upana wa vidoa 90. Niliukuza, nikaurudia, nikaurudia. Ukisafisha vidoa 90 kwa kiwango kizuri unapata uso wa theluthi ya inchi, ukubwa wa ukucha. Nikamwambia ukweli, akakaa kwenye ngazi za duka muda mrefu. Picha kamili ilikuwa imefutwa kwenye simu iliyoipiga, ili kupata nafasi.

WhatsApp ikituma picha kwa kawaida huipunguza hadi vidoa kama 1600 kwa upande mrefu. Hiyo ni picha ya inchi 5 tu, na mkiikuza hadi inchi 20 nyuso zitakuwa uji. Chagueni HD, au bora zaidi itumeni kama dokumenti, isipunguzwe kabisa. Jioni ya Idi, kabla hawajaondoka wa Muscat, zikusanyeni picha zote kwenye flashi diski mbili, moja abaki nayo mama na nyingine iende nyumba nyingine. Kisha zisafisheni 10 au 15 wiki ile ile. Msingoje.

Hewa yetu ya chumvi na unyevu ina ukatili wake kwa karatasi. Picha iliyogusa kioo cha fremu itagandana nacho, na ukungu utaota katikati. Mwambieni fundi wa fremu aweke kadi ya ukingo kati ya picha na kioo. Msiitundike inapopigwa na jua la dirisha, wala kwenye ukuta unaotoka jasho nyuma ya bafu. Albamu zile za kurasa zenye gundi na karatasi ya nailoni hula picha polepole, tumieni za mifuko. Majina ya watu 23 yaandikeni kwenye karatasi kwa mpangilio wa safu, muibandike nyuma ya fremu. Nyuma ya picha yenyewe msiandike, karatasi za siku hizi zina plastiki, wino haukauki na utapaka picha ya chini yake.

Imebaki ile ya 1974. Ninadhani ni nyeusi na nyeupe, kwa sababu za rangi za miaka hiyo nyingi zimekwisha kugeuka nyekundu. Wino wa samawati wa picha hizo za rangi hufifia hata gizani. Picha nyeusi na nyeupe imetengenezwa kwa fedha, ile madini, na ikioshwa vizuri huishi kuliko aliyeipiga. Studio za wakati ule zilizotumia negativu ya sentimita 6 kwa 6 zilikuwa na eneo la kupokea mwanga kubwa kuliko hata kamera yangu ya leo, kwa hiyo mama anapoisifu ana sababu. Mwombe akuonyeshe nani aliketi wapi, na kama bibi ataridhia, mjipange ninyi vilevile, yeye kwenye nafasi yake ileile na nafasi za waliotangulia wakikaa watoto wao.

Ikague kwa tochi, ukiangalia kwa ubavu. Ukiona sehemu zinazong'aa kama zimelowa, imeshika kioo, na hapo usijaribu kuibandua kwa kisu, mvuke wala maji. Nimeona uso wa babu ukibaki kwenye kioo na karatasi ikatoka tupu. Ije kwa fundi wa kurejesha picha za zamani ndani ya fremu yake kama ilivyo. Ataipiga kwanza kupitia kioo, taa mbili kandokando, ili nakala iwepo kabla mtu yeyote hajaigusa.